Mbaka, Baraza na Stori: Tarikhi ya Maongezi katika Njia Panda ya Rodi Kopany

Msafiri atokaye mji wa Homa Bay, katika Nyanza ya Kenya, kushika njia ya Rongo, akishauacha mlima Asego nyuma yake na upepo wa ziwa ukiwa umekwisha kumpungukia usoni, hufika mahali ambapo barabara hujigawa mikono miwili, mmoja ukiendelea hadi Rongo, penye njia kuu iendayo Migori na mpaka wa Tanzania, na wa pili ukikata kuelekea Ndhiwa na Mirogi hata kuishia Sori, ufuoni mwa Karungu. Hapo ndipo Rodi Kopany. Sehemu ya pili ya jina hilo imeundwa kwa kawaida ya Wajaluo ya kuiita ardhi kwa mwenyewe, maana neno lao "ka" ni sawa na "kwa" yetu, nalo likikutana na jina la mtu Opany huungana nalo likawa Kopany, yaani kwa Opany, kama vile watu wa Dar es Salaam wasemavyo Mtoni kwa Azizi Ali, wala hakuna miongoni mwao anayesimama kuuliza Azizi Ali alikuwa nani. Si mji wa ngome wala wa makaburi ya nguzo, na mwenye kutafuta magofu hatapata hapa jiwe la kumsimulia kitu. Utajiri wake wote ni njia panda, na njia panda kwa tabia yake ni mahali pa kungoja. Aendaye Ndhiwa hungoja gari lijae, aliyeleta omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka ufuoni hungoja mnunuzi wa kumpimia kwa gorogoro, mwendesha bodaboda hungoja abiria, na abiria naye hungoja mvua ikatike. Na watu wangojao pamoja, hata wawe wageni wao kwa wao, hawawezi kukaa kitako saa nzima pasi na mmoja wao kufungua kinywa.

Nami nilingoja hapo siku moja kwenye benchi la kibanda cha chai, nikiwa nimetoka kupekua kamusi ya Kiingereza na kustaajabu wingi wa maneno waliyo nayo Waingereza, tena yale ya barazani yasiyovaa joho wala kilemba, kwa jambo moja tu la watu kuzungumza kirafiki bila ya haja maalumu. Nilipoinua macho nikaona kwamba Kiingereza kimeandikwa katika kila ukuta wa Rodi: juu ya saluni, juu ya duka la dawa za mifugo, juu ya kibanda cha kutuma fedha kwa simu, hata juu ya mlango wa mahali panapouzwa viazi vya kukaanga. Lakini jambo ambalo watu wote waliokuwa chini ya vibao hivyo walikuwa wakilifanya tangu asubuhi, yaani kuongea, halikuwa na jina la Kiingereza vinywani mwao isipokuwa moja tu, nalo lilikuwa limegeuzwa maana yake. Katika hayo maneno yote kwa nini likapita moja? Hilo ndilo lililonishughulisha, na kulijibu kunataka kwanza tuyatazame maneno yenyewe yalikotoka.

Neno "chat" ni kifupi cha lile litumikalo kwa mlio wa ndege wadogo, kana kwamba wazungumzaji ni shorewanda juu ya ua. "Chinwag" ni kutikisika kwa kidevu, na kwa hivyo ni ndugu wa domo letu. Maskini wa mashariki ya London, waliopenda kuificha lugha yao katika vina, walisema sungura na nyama ya nguruwe kwa sababu jina la nyama hiyo kwa Kiingereza linashabihi neno la kuongea, kisha wakaidondosha nyama akabaki sungura peke yake, hata leo mtu mwenye maneno mengi huko huambiwa kwamba anasungura. Yenye tarikhi nzito zaidi ni mengine. "Gossip" katika Kiingereza cha kale alikuwa mzazi wa ubatizo, mtu aliyefungamana na familia kwa dini. Likashuka likawa rafiki wa karibu, hasa wanawake waliokusanyika chumbani kwa mzazi aliyejifungua, kisha likashuka tena likawa yale waliyoyasema humo, na mwisho wake ni umbeya. "Yarn" ni uzi wa kamba, nalo liliwapata mabaharia, ambao hekaya zao ndefu zilisokotwa kama kamba zenyewe. "Scuttlebutt" lilikuwa pipa la maji ya kunywa melini, walipokutana mabaharia wenye kiu na habari. Na "palaver" asili yake ni Kireno, neno la wafanya biashara wa pwani ya magharibi ya Afrika, ambako mashauri kati ya wenyeji na wageni yalichukua siku kadha wa kadha, na Mwingereza aliyechoka kungoja akalichukua jina la mashauri hayo kuwa jina la maneno mengi yasiyokwisha. Ukiyachungua haya utaona kwamba kila moja limebeba kikao chake mgongoni: chumba cha mzazi, sitaha ya jahazi, pipa la maji, kivuli cha mti pwani. Neno la namna hii halifundishwi na mtu, bali huokotwa na aliyekuwapo kikaoni. Na asiyekaribishwa kikaoni hata akilisoma kitabuni hana pa kulitumia.

Tuutazame basi mkao wa Wajaluo wa kusini, ambao Rodi imo katika nchi yao. Neno lao la maongezi ni "mbaka", na kitenzi chake ni "goyo", yaani kupiga. Wao hupiga mbaka kama sisi tupigavyo gumzo, soga, porojo au domo, na muwafaka huu wa lugha mbili zisizotoka tumbo moja, moja ya Kibantu na nyingine ya Kiniloti, umenifurahisha kwa muda mrefu, kwa kuwa Mwingereza hapigi maongezi. Yeye huwa nayo, au huyafanya. Sijui ni ngoma gani iliyowapitia wazee wetu akilini walipochagua kitenzi hicho, lakini anayejua jinsi maongezi mazuri yanavyokwenda, mmoja akitia na mwingine akipokea, na wa tatu akingoja mahali pake pa kuingilia, hatauliza sana.

Kikao cha kwanza cha mbaka kilikuwa "duol", kibanda cha mwenye boma kilichojengwa karibu na zizi la ng'ombe, palipokokwa moto jioni na wanaume wakala pamoja chakula kilicholetwa kutoka nyumba ya kila mke. Humo ndimo walimopitisha saa za usiku wa kwanza, wazee wakisema na vijana wakisikiliza, na wengine wakicheza "ajua", ambao ni mchezo wa bao kwa lafudhi nyingine. Mtoto wa kiume alijifunza humo nasaba yake, mipaka ya ardhi, deni la ng'ombe wa mahari ambalo halijalipwa, na zaidi ya yote alijifunza kusema: ni wakati gani mtu huingia katika maneno ya mwenziwe, na kwa adabu gani. Wasichana na watoto wadogo walikuwa na kikao chao, "siwindhe", nyumba ya bibi mzee walimolala na kusimuliwa "sigana", yaani ngano. Na katika kitabu chao juu ya Siaya, kilichotoka mwaka 1989, David William Cohen na E. S. Atieno Odhiambo walionyesha kwa ufasaha kwamba elimu iliyotoka katika nyumba ile, kwa kinywa cha kikongwe waliyemwita "pim", haikuwa duni kuliko ile ya wanaume, ila wanahistoria hawakuwa wakiigongea hodi.

Kikao cha tatu, nacho ndicho wazee wakitajiwa hutabasamu, kilikuwa cha pombe ya nafaka. Chungu kiliwekwa katikati na watu wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu uitwao "oseke", wakinywa pamoja bila ya mtu kuinuka mahali pake. Mrija ule ulikuwa na hekima yake, kwa sababu mtu mwenye mrija kinywani hawezi kusema, na anayesema hawezi kunywa, basi chungu chenyewe kiligawa zamu pasi na kuhitaji mwenyekiti. Akiwapo mpigaji wa nyatiti, ala yao ya nyuzi, maongezi yalipanda daraja na kuwa "pakruok": mtu humsimamisha mpigaji, hutoa sarafu, naye hupata ruhusa ya kujitapa mbele ya hadhara, akijinasibu kwa fumbo, akimsifu rafiki yake na kumtania hasimu, kisha muziki huendelea mpaka mwingine atoe sarafu yake. Mgeni hudhani ni majivuno. Mimi naona ni aina ya maongezi ambamo urafiki hupimwa kwa ustadi wa sifa, na ambayo, kama mashairi ya malumbano ya kwetu, humtaka anayejibu awe mwepesi kuliko aliyeanza.

Liko neno jingine ambalo mgeni hulikosa, nalo ni "budho", yaani kukaa na watu mkipitisha wakati, na hasa kukesha. Penye msiba huwashwa moto mkubwa wa "magenga", na watu hukaa kuuzunguka usiku kucha. Wakilia hulia, lakini sehemu kubwa ya usiku hupita kwa mazungumzo, na mara nyingi kwa kicheko, maana aliyefariki alikuwa na visa vyake na ni haki yake visimuliwe. Dholuo, yaani lugha ya Wajaluo, imetenganisha kwa uangalifu kikao hiki na "bura", ambacho ni baraza la kuhukumu na kukata shauri, na vilevile imetenganisha mbaka na "kuodho", yaani kumsengenya mtu. Ni mipaka ambayo Kiingereza, katika safari ya lile neno la mzazi wa ubatizo, kiliiacha ikafutika.

Na mwenye kudhani kwamba maongezi haya yalikuwa upuuzi wa kupoteza saa na akumbuke kwamba Bethwell Ogot alipoandika historia ya Waluo wa Kusini, iliyochapishwa mwaka 1967, hati za kumtosha hazikuwapo. Alikwenda kwa wazee akakaa nao, akawauliza, na yaliyokuwa yakisemwa motoni yakawa kurasa. Kabla yake Paul Mboya wa Karachuonyo, si mbali na hapa, aliandika katika Dholuo kitabu cha mila za kaumu yake, "Luo Kitgi gi Timbegi", mwaka 1938, nacho kinasomeka mpaka leo kama maneno ya mzee aliyekaa akahakikisha kwanza kwamba wote wamepata chai.

Serikali ya Waingereza ilipoingia ilikuwa na fursa ya kuleta maneno yake ya maongezi. Nchi ya Nyanza ilihamishwa kutoka Uganda na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Reli ilikuwa imekwisha kufika Kisumu mwishoni mwa mwaka uliotangulia, na meli za ziwani zikaanza kutia nanga Kendu, Homa Bay na Karungu, zikileta wenye maduka wa Kihindi, nguo, chumvi na chapa za serikali. Lakini bwana wa serikali hakuja kupiga mbaka. Alikuja kuhesabu vibanda vya kutozwa kodi, na alipotaka kusema na watu alitafuta neno, akalipata kwetu pwani: baraza.

Hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu mimi ni mtu wa mwambao na jambo hili linanigusa. Baraza, au barza kama walivyotamka wazee, ni ile sakafu ya mawe iliyojengwa mbele ya nyumba, si ndani wala si njiani, ambapo mwenye nyumba huwakaribisha watu bila ya kuwaingiza katika sitara ya ahali yake. Lamu na Mombasa, baada ya sala ya alasiri, watu hukaa hapo mpaka maghribi; muuza kahawa hupita na dele lake akigonganisha vikombe, na yeyote apitaye hutoa salamu na huweza kuketi. Ni kweli kwamba maliwali nao walikuwa na baraza zao za kusikiliza mashitaka, na mmishonari Krapf katika kamusi yake ya Kiswahili ya mwaka 1882 hakuyasahau mambo hayo. Lakini hata baraza la liwali lilikuwa na kahawa yake, salamu zake, na wasaa wa mtu kuzunguka maneno kabla ya kufika kwenye shida yake. Waingereza walilichukua jina wakaiacha kahawa. Kwa Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912 chifu alipewa nguvu ya kuamrisha, na baraza ikawa ndio mahali pa kuamrishia: watu wameketi nyasini juani, bwana wilaya yu juu ya kiti chini ya mti, mkalimani kasimama kati yao, na yatangazwayo ni kodi, pamba, chanjo ya ng'ombe, kazi ya barabara, na wakati wa vita vya 1914 hadi 1918, idadi ya vijana watakaokwenda kubeba mizigo katika jeshi la wapagazi, lile lililotuachia jina la Kariakoo. Wengi waliokwenda hawakurudi. Mtu aliyepeleka mwanawe kwa amri iliyotangazwa barazani hawezi kuambiwa kwamba kule Lamu baraza ni mahali pa kustarehe.

Hivyo neno lililokuwa la gumzo katika mwambao likafika Nyanza Kusini limenyamazishwa, na limebaki hivyo. Mpaka leo mkazi wa Rodi akisema baraza humaanisha la chifu, mahali pa kusikiliza. Na wala hali hii haikuondoka na bendera, maana hata baada ya uhuru mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya wakuu mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1997, na katika miaka ile ya hofu kundi la watu wachache waliosimama wakiongea pembeni mwa soko lilijua kwamba ni heri lionekane linanunua kitu.

Vita vya pili vilipeleka vijana wa Nyanza mbali zaidi, hata bonde la Kabaw katika Burma mwaka 1944, wakiwa pamoja na maofisa wa Kiingereza usiku na mchana katika mvua moja na tope moja. Mtu angetarajia kwamba huko ndiko maneno ya barazani yangehama kutoka kinywa hata kinywa. Walakini katika jeshi la King's African Rifles amri ilikuwa kwamba ofisa ajifunze Kiswahili, hata kikazuka kile Kiswahili kikavu cha kambini kilichoitwa KiKAR, chenye vitenzi vya kuamuru na majina ya vitu; askari akarudi nyumbani na Kiswahili kingi, na katika Kiingereza maneno ya gwaride na ya mashine. Ofisa alipotaka kupiga soga alikwenda kwa maofisa wenziwe, na mlango wa hema lao ulikuwa na mlinzi.

Ulibaki mlango mmoja, nao ni skuli. Wamishonari wa Kiadventista walifika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, wakiongozwa na Arthur Carscallen, naye Peter Nyambo wa Nyasaland akiwa pamoja naye. Wakatoliki nao wakajenga Asumbi, ambayo haiko mbali na Rodi, ikawa chimbuko la walimu. Waadventista walipiga marufuku pombe, na kwa hivyo mrija wa oseke ukaanza kupotea. Kiingereza nacho kilikuja polepole, kwanza kwa wachache, halafu katika miaka ya 1960, kwa ule mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, kikawamwagikia watoto wengi.

Lakini Kiingereza hicho kilikuwa cha namna gani? Kila aliyesoma katika nchi hii analijua jibu. Mtoto aliyekutwa akisema lugha ya mama yake alivikwa kibao shingoni, ambacho tulikiita diski, akatembea nacho mpaka amnase mwingine wa kumpa. Na mwalimu alipotoka darasani, kiranja alikaa mbele na karatasi yenye kichwa cha maneno ya Kiingereza: wapiga kelele. Aliyemnong'oneza jirani aliandikwa. Aliyenong'ona tena baada ya kuandikwa, jina lake liliongezwa alama ya mara mbili, kisha mara tatu, na mwalimu aliporudi fimbo ilifuata hesabu hiyo kwa uadilifu mkubwa. Jina langu katika skuli niliyosoma lilipata kufika mara tano kwa sababu ya hekaya moja ya fisi ambayo sikuweza kuikatiza. Hivyo Kiingereza kilitupa jina la maongezi ya marafiki, na jina hilo lilikuwa kelele. Kutoka huko hatungeweza kuja na "yarn" wala "chinwag", hata kama mwalimu mwenyewe angeyajua, na aghalabu hakuyajua, maana naye alifundishwa na watu waliomfundisha lugha ya barua za ofisi.

Katika ratiba hiyo yote ya kunyamaza kulikuwa na saa moja ya faraja, nayo ilikuwa saa ya hadithi, "story" kwa Kiingereza, pengine Ijumaa mchana, mwalimu aliposoma kisa kitabuni au akamwacha mtoto asimulie cha kwao. Nami nadhani, ingawa simlazimishi mtu kukubali, kwamba hapo ndipo lilipopenyea lile neno moja. Wanafunzi walitoka nalo nje, wakaondoka nalo mpaka Kaloleni ya Nairobi na vituo vya reli na bandari ya Mombasa, likavaa sauti za Kiswahili likawa stori, likatafuta kitenzi, na kitenzi kilikuwa tayari: kupiga. Kupiga stori. Wanaposema Dholuo wakalitia "goyo" lilelile la mbaka. Mwingereza akilisikia huelewa vibaya, kwa kuwa kwake yeye hadithi ina msimulizi mmoja, ina mwanzo na mwisho, na wengine husikiliza. Stori ya Rodi haina mwenyewe, haianzi mahali wala haiishi, na anayesikiliza tu bila ya kutia neno huulizwa kama ni mgonjwa. Na kwa upande mwingine likachukua kivuli cha porojo, kiasi kwamba anayeahidi kulipa deni kesho huambiwa aache stori. Limekuwa neno la Kiingereza kwa mavazi tu. Mwili wake ni gumzo, na moyo wake ni mbaka.

Vikao navyo vimehama. Wazee wenye duol leo ni wachache. Wanawake waliokuwa wakiongea juu ya mawe ya kusagia waliendelea kuongea katika foleni ya mashine ya unga, na sasa huongea katika saluni na katika vikao vya chama, ambapo fedha huhesabiwa kwa dakika kumi na mengine huchukua alasiri nzima. Wanaume wachanga wamehamia stegi ya bodaboda. Bodaboda zenyewe zilianza Busia, kwa baiskeli za kuvusha watu na magendo kati ya mipaka miwili, na zilipokuja pikipiki nyingi za bei nafuu kila njia panda ya Nyanza ikapata safu ya vijana walioketi juu ya matangi ya petroli, miguu ikining'inia, wakishindana kwa maneno. Nimewasikiliza sana. Wanaongea juu ya mpira, Gor Mahia kwanza na Arsenal baadaye, na wako wasiokuwa wamezaliwa mwaka 1987 wanaokueleza jinsi Gor Mahia ilivyotwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka ule kana kwamba walikuwa langoni. Na kwa kuwa njia ya mkono wa pili inakwenda Ndhiwa, nchi ya Kanyamwa, hutokea mtu akatoka kwenye mpira akaingia katika habari za Gor mwenyewe, yule mganga ambaye timu iliyoundwa mwaka 1968 iliazima jina lake, na hapo mazungumzo hubadilika sauti, na hata mwenye abiria aliyekwisha kupanda humwambia abiria huyo, kwa heshima apewayo mzee, "Jaduong', ngoja kidogo."

Katika miaka hii lile neno "chat" nalo limefika hatimaye, limechelewa miaka mia na zaidi, na halikuletwa na Mwingereza yeyote. Limekuja ndani ya simu. Kuchati, kwa watu wa hapa, ni kuandikiana kwa vidole. Hakuna anayesema kwamba alikuwa akichati na jirani yake kwenye benchi. Niliijaribu tofauti hiyo siku ileile. Kijana mmoja wa pikipiki alikuwa kajitenga kidogo na wenziwe, simu iko karibu na kinywa, akisema na kunyamaza, akicheka peke yake. Nikamsalimu kwa lile neno la mtaani la Wajaluo, "Nadi, omera?", naye alipoitika nikamuuliza kama alikuwa akichati. Akanitazama kama mtu anayesahihisha kosa la mgeni pasi na kutaka kumwaibisha. Akasema hapana, mzee wangu, huyu ni ndugu yangu yuko Doha, zamu yake ya ulinzi imekwisha na bado hajapata usingizi. "Agoyo mbaka kode", ninapiga naye mbaka.

Mama mmoja aliyebeba gunia dogo akamwita, bei ikakatwa hapo hapo, gunia likafungwa nyuma kwa mpira. Kijana akaitia simu katika mfuko wa kifuani bila ya kuizima, akapiga pikipiki moto, wakashika njia ya Ndhiwa. Na walipokuwa wakinipita niliisikia sauti ya yule wa Doha mfukoni, ikiuliza kama huku nyumbani mvua imenyesha.